Rental Family: baba wa kukodi na mtoto asiyejua. Tuijadili filamu, na biashara yenyewe pia

Wa Mwanakwerekwe (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naleta mada ya filamu, ila ninachotaka hasa tukijadili ni biashara iliyomo ndani yake, maana ipo kweli na kuna watu inawaweka mjini. Kama hujaiona na hutaki kuharibiwa utamu, pita kwanza, kwa sababu nitasimulia karibu yote.

Filamu inaitwa Rental Family. Mwongozaji ni Hikari, mwanamama mzaliwa wa Osaka. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto Septemba 2025, Novemba ikaingia kumbi za Marekani. Brendan Fraser, yule aliyebeba Oscar 2023, ni Phillip, mwigizaji wa Kimarekani anayeishi Tokyo peke yake. Kule alijulikana kwa tangazo la dawa ya meno, na tangu hapo anaokoteza vikazi. Siku hiyo wakala wake anampigia: vaa suti nyeusi, wahi, wanatafuta Mmarekani mwenye huzuni. Anafika anakuta msiba. Anajibanza nyuma, watu wanamlilia marehemu na kumsifu, mara marehemu anainuka kwenye jeneza. Mzima kabisa. Amelipia msiba wake mwenyewe ili asikie akililiwa.

Msiba ule umeandaliwa na kampuni ya bwana Shinji, na Shinji anamng'ang'ania Phillip kwa sababu hana mzungu kwenye timu yake. Anakodisha baba, mume, rafiki, hata mchepuko wa kwenda kumwomba radhi mke wa mtu. Aiko, aliyechezwa na Mari Yamamoto, ndiye anayetumwa kwenye hiyo kazi ya mwisho, na makofi anayopigwa huko si ya maigizo.

Phillip anaangukiwa na kazi tatu nzito. Ya kwanza ni kuwa bwana harusi wa binti aitwaye Yoshie, harusi kamili yenye wazazi na picha, ili wazee waridhike binti akiondoka nchini. Jamaa anaingiwa na hofu dakika za mwisho, anajifungia chooni. Anatolewa, anaoa. Baadaye ndipo anapoelewa kwamba Yoshie ana mwenzake wa kike anayempenda, na huyo ndiye anayeondoka naye. Ya pili ni mzee Kikuo, mwigizaji mkongwe ambaye kumbukumbu zinamtoka. Binti yake anamkodi Phillip ajifanye mwandishi wa habari aliyekuja kuandika makala kumhusu, ili mzee asijione amesahaulika. Ya tatu ndiyo iliyonileta hapa. Mama mmoja, Hitomi, anamlea peke yake binti yake Mia, chotara. Anataka aingie shule binafsi ya maana, na kwenye usaili anaona lazima waonekane wazazi wote wawili. Phillip anakodiwa awe baba. Na Mia anaambiwa: huyu ndiye baba yako halisi, amerudi.

Mtoto anamkataa mwanzoni, ana hasira za miaka yote ambayo baba hakuwepo. Kidogo kidogo anamfungulia moyo. Kila alipokuwa akicheka na Phillip mimi nilikuwa naumia.

Nikajiuliza kwa nini msiba wa uongo haukunikera hata chembe, lakini baba wa uongo nilitaka kuzima nisiendelee. Kipimo nilichokipata ni kimoja: nani anajua kwamba huyu ni wa kukodi? Yule wa kwenye jeneza anajua. Alinunua maneno mazuri akijua ni ya kununuliwa, na bado yalimsaidia kuinuka. Shinji mwenyewe, tunakuja kugundua, mke na mtoto anaowakuta nyumbani jioni ni wa kukodi. Wengi watamwona wa ajabu. Mimi sikumwona hivyo, kwa sababu anajua analipia nini na hakuna aliyeumizwa. Mia hajui. Analeta moyo wake wote mahali ambapo mwenzake ameleta ratiba ya kazi.

Nitaendelea na upande wa biashara yenyewe. Karibuni.

Wa Mwanakwerekwe (mleta uzi)

Naendelea. Msidhani hii ni hadithi iliyobuniwa tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tokyo ilikuwa na kampuni ya mama aitwaye Satsuki Oiwa, iliyokuwa ikipeleka mtoto, mkwe na mjukuu kwa wazee ambao watoto wao wa kuzaa hawapati nafasi ya kuwatembelea. Wanakula pamoja, mzee anampakata mjukuu, muda ukiisha wanaaga. Baadaye zikaja nyingine za kujaza viti upande wa bwana harusi asiye na ndugu wala marafiki wa kuwaleta. Yuichi Ishii alianzisha yake, Family Romance, mwaka 2009. Wapo pia wanaojikodisha wenyewe. Shoji Morimoto tangu 2018 anajikodisha kwa ahadi kwamba hatafanya lolote, atakuwepo tu. Watu wamemwita akae nao wanapokwenda kuwasilisha karatasi za talaka, au asimame stesheni awapungie mkono treni ikiondoka.

Hebu fikirieni hilo la stesheni. Mtu anahama mji na hana hata mmoja wa kumpungia mkono.

Wenzetu wenyewe wanalijua tatizo. Sensa ya Japani ya 2020 ilionesha kuwa asilimia 38 ya kaya zina mtu mmoja. Februari 2021 wakateua waziri wa kushughulikia upweke, na Aprili 2024 ikaanza kutumika sheria yenyewe ya upweke na kutengwa. Polisi wao walihesabu watu 76,020 waliokutwa wamekufa majumbani wakiwa wanaishi peke yao kwa mwaka 2024, robo tatu yao wakiwa na miaka 65 na kuendelea. Kwenye nchi yenye hesabu kama hizo, mtu akifungua duka la kukodisha mjukuu sishangai akipata wateja.

Ila mjue biashara hii hata waandishi imewachezea. Jarida la The New Yorker liliandika makala ndefu kuihusu mwaka 2018, ikapata tuzo kubwa ya majarida Marekani. Baadaye ikabainika kuwa baadhi ya waliohojiwa, akiwemo Ishii, hawakusema ukweli kuhusu wao ni nani, na jarida likairudisha tuzo mwaka 2021. Shirika la utangazaji la Japani, NHK, nalo liliomba radhi 2019 kwa kipindi ambacho mteja aliyeoneshwa alikuwa mtu wa kampuni hiyohiyo. Ndiyo maana visa vya kusisimua vinavyosimuliwa na wenye kampuni mimi navichukua kwa tahadhari kubwa.

Mwalimu wa Uyui

Mleta uzi umeandika jambo ambalo sisi walimu tunakutana nalo muhula hadi muhula. Ukimwambia mwanafunzi wa sekondari "usirudi bila mzazi", kuna uwezekano mkubwa akaja na mtu aliyemwokota stendi au gengeni. Anampa hela kidogo, anamwelekeza njiani: mimi naitwa fulani, niko kidato cha tatu, kosa langu hili.

Ukikaa kwenye kiti hiki muda mrefu unawatambua. Unamuuliza, "Huyu kwenu ni wa ngapi kuzaliwa?" Anamtazama mwanafunzi kabla ya kujibu. Mzazi wa kweli anaingia ofisini na hasira yake mwenyewe, mara nyingine hasira ya kukukasirikia wewe mwalimu, anataka kujua kwa nini mtoto wake. Wa kukodi anakubali kila kitu, anasaini upesi, na akitaka kunogesha anamtandika mtoto kibao mbele yako. Hicho kibao ndicho kinachomtoa. Na mimi kinanikera kuliko kosa lililowaleta, kwa sababu kapigwa mtoto wa watu na mtu asiyemjua hata jina la ukoo.

Kwa hiyo kipimo chako cha nani anajua nakikubali. Hapa mwanafunzi anajua, wa kukodi anajua, asiyejua ni mwalimu na mzazi halisi aliyeko nyumbani. Na anayepoteza ni huyo mzazi.

Steji ya Chini

Mwalimu, mimi nimekuwa huyo mtu. Niko Nakuru, nabeba abiria kwa pikipiki. Kuna kijana alikuja hapo stejini, sare imefuliwa vizuri lakini viatu vimekwisha, akaniuliza kama naweza kuwa mjomba wake kwa nusu saa. Mia mbili. Nikadhani ni mambo ya simu au kuchelewa, nikaenda.

Tumeketi kwa ofisi, naibu wa mwalimu mkuu akafunga mlango. Akasema hawamfukuzi, wanataka kuelewa. Huyu kijana hulala darasani kila siku, na walipomkalisha chini akawaambia usiku huwa halali, hukaa mlangoni mwa chumba cha mamake na dadake mdogo ndio babake akija mlevi asipite. Halafu yule mwalimu akanitazama mimi akasema, "Wewe kama mjomba, tunakuomba uongee na shemeji yako. Mtoto ametufikia sisi, sisi tumekufikia wewe."

Nilikosa pa kuweka macho. Hayo maneno yalikuwa ya mtu mwingine, na yameingia kwa masikio yangu, mimi ambaye hata boma lao silijui. Na kijana hangeweza kumleta babake, maana babake ndiye shida. Nikasaini nini hapo? Nilisema nimesikia, tukatoka.

Pale nje ya geti nikamwambia pesa yako shika, nipe namba ya mjomba wako wa kweli. Yuko Naivasha, hufanya kazi kwa mashamba ya maua. Kijana akakataa, akalia, akasema nimeharibu. Baadaye akanipa. Nilimpigia yule mjomba nikamweleza yote, hata kwamba nililipwa kujifanya yeye. Alinyamaza kitambo, akasema asante, atapanda matatu Jumamosi.

Kijana siku hizi akiniona huvuka barabara.

Mwalimu wa Uyui

Steji ya Chini, kaka, umefanya lililokuwa la kufanya. Shuleni ulieleza kwamba hukuwa mjomba?

Steji ya Chini

Sikurudi shuleni. Nilimwambia mjomba aende mwenyewe, aseme mwenyewe.

Bi Shuweha wa Tanga

Mwanangu mleta uzi, nimekusoma toka juu na umeandika vizuri, lakini kipimo chako mimi kinanipa tabu kwa yule mzee mwenye kusahau.

Nimemuuguza mama yangu maradhi hayohayo. Mwishoni alikuwa haniiti kwa jina langu, akiniita Zuhura, dada yake aliyefariki zamani. Mwanzoni nilikuwa nikimsahihisha: mama, Zuhura kafa, mimi ni mwanao. Kila nikimwambia analia upya, kana kwamba msiba umetokea leo. Tena kesho yake vilevile. Yaani nilikuwa nikimzikia dada yake kila kukicha. Ndugu yangu mmoja akaniambia acha. Nikaacha. Akiita Zuhura, naitika. Akinambia Zuhura twende tukachote maji kisima cha chini, nachukua ndoo, tunatoka hadi mlangoni, tunakaa barazani, anaridhika.

Sasa kwa kipimo chako, mama hakuwa akijua. Nilimtendea ubaya?

Wa Mwanakwerekwe (mleta uzi)

Shikamoo bibi. Na pole kwa kumuuguza mama, Mungu amrehemu.

Hukumtendea ubaya hata kidogo, na nadhani naiona tofauti ilipo. Mama yako ndiye aliyeleta jina la Zuhura. Wewe ulimfuata alipokuwa, ukamshika mkono humohumo. Mia hakuleta kitu, aliletewa. Alikuwa na jeraha lake la kukosa baba, ameshaanza kulizoea, watu wazima wakalifungua kwa sababu ya usaili wa shule.

Na tazama mzee Kikuo. Phillip alipokuwa anamhoji kama mwandishi wa uongo, mzee alifurahi, lakini hakukuwa na zaidi. Mambo yaligeuka pale mzee alipomwomba ampeleke Amakusa, alikoishi zamani, na binti yake hataki. Phillip anamtorosha. Hiyo haikuwemo kwenye mkataba wa mtu yeyote. Huko wanafukua kisanduku alichokizika mzee, mna picha za mwanamke aliyempenda. Baadaye mzee anazidiwa, Phillip anakamatwa kwa kosa la kumteka, wenzake wa kampuni wanakwenda kuigiza ili kumtoa. Lakini kitendo chenyewe kilikuwa cha rafiki. Kwa yule mzee nadhani mwandishi wa uongo alikufa siku hiyo, akabaki mtu.

Bi Shuweha wa Tanga

Marahaba mwanangu. Hilo la nani kaleta jina nimelielewa. Lakini usimwache kando binti wa yule mzee. Kumtorosha mgonjwa wa kusahau si jambo dogo. Mama aliwahi kunitoka alfajiri, tukampata kwenye njia ya reli. Mimi ningekuwa yule binti, huyo rafiki ningemfikisha mahakamani kwanza, kisha ndiyo tuzungumze urafiki.

Kyushu Mpaka Dar

Wakuu salaam. Nimesoma Kumamoto, mkoa huohuo ulio na Amakusa, kwa hiyo nichangie hapo.

Amakusa ni visiwa, kusini magharibi mwa Japani, vimeunganishwa na bara kwa madaraja matano yaliyofunguliwa 1966. Ukifika kijiji cha Sakitsu unakuta kanisa limesimama kando ya bahari katikati ya nyumba za wavuvi. Ukristo ulipigwa marufuku Japani mwaka 1614 na katazo likaondolewa 1873. Kwa muda wote huo watu wa pale walijionesha ni Wabuddha na waumini wa hekalu la kijiji, ndani wakaendelea kusali sala zao. Wengine waliabudu kwa siri mbele ya gamba la konokono wa baharini, kwa kuwa michirizi yake ya ndani waliiona kama Bikira Maria. Kila mwaka waliitwa nyumbani kwa mkuu wa kijiji wakanyage picha takatifu kuthibitisha kuwa si Wakristo. Walikanyaga, wakarudi nyumbani wakatubu. Kanisa la sasa, la 1934, limejengwa palepale ilipokuwa nyumba hiyo. Tangu 2018 kijiji kimo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Sasa nilipoona filamu ya watu wanaoigiza maisha inampeleka mzee Amakusa kufukua alichokificha ardhini, niliona mwongozaji amechagua mahali penye historia yake. Watu wa pale waliigiza nje vizazi na vizazi ili kilichomo ndani kisife. Ndivyo ninavyomwelewa Yoshie pia. Harusi yake ya uongo ilikuwa ni kukanyaga ile picha.

Mama Wawili

Mimi nimesoma uzi wote nasubiri mtu aliseme hili, hakuna. Mnamhukumu Hitomi. Nani aliyemuuliza baba yuko wapi?

Nalea peke yangu. Nimejaza fomu za shule mpaka nazijua kwa moyo. Jina la baba, kazi ya baba, namba ya baba. Ukiacha wazi, karani anainua macho. Ukiandika "hayupo" anauliza amefariki au mmeachana, mbele ya foleni, mbele ya mtoto. Kuna shule niliambiwa na mwalimu wa mapokezi, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba wao wanapendelea familia zilizokamilika. Wanangu wote wawili walikuwa wamesimama hapo. Mkubwa alinishika gauni.

Kwa hiyo mama aliyekodi mwanaume akakae kwenye kiti cha pili kwa nusu saa, mimi namwelewa mpaka mifupani. Kosa lake ni moja: kumwambia Mia kwamba ni baba yake kweli. Angemwambia mtoto ukweli, "shule hii ina ujinga wake, kuna mjomba mmoja mwigizaji atatusaidia siku ya usaili", Mia angeweza. Watoto wa sisi tunaolea peke yetu wana siri nyingi kuliko mnavyodhani, na wanazitunza.

Wa Mwanakwerekwe (mleta uzi)

Dada Mama Wawili, hili nimelisoma polepole. Umeonesha kitu ambacho kwenye andiko langu hakikuwemo. Nilimtazama Phillip na Hitomi, nikaiacha shule bila kuiuliza lolote. Kumbe wa kwanza kutaka familia ya maigizo ni ile meza ya usaili.

Mngoni wa Songea

Wakuu, mmezungumza ya Japani na ya shuleni, mimi nawakumbusha msibani. Kwetu, Mngoni akifa, watani zake Wahehe wanafika, na ukiwa mgeni unaweza ukashangaa mpaka ukakasirika. Mtani anavaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu alivyokuwa akitembea, anadai madeni ya marehemu, anamwita mjane "mke wangu". Nimeona mtani akishuka kaburini akalala chali, jeneza liko juu ya mabega ya watu, akasema haliingii mtu humu mpaka nimepewa changu. Wafiwa wakachanga, akatoka, mazishi yakaendelea. Mjane aliyekuwa hajainua uso tangu asubuhi alicheka mpaka akajishika tumbo, kisha akalia vizuri.

Huyo si ndugu wa damu, na hela amepokea. Lakini kila aliyepo pale anajua huyu ni mtani. Kwa hiyo kipimo cha mleta uzi kwetu kinasimama. Kitu kimoja tu naongeza: mtani hakodiwi na mtu mmoja. Huwezi kumpigia simu ukamchagua, na huwezi kumwambia asije. Anakuja kwa sababu babu zetu walipigana, na siku nikisikia msiba kwake mimi nami naenda. Yule wa kampuni ya Shinji mteja akifa hana wajibu wa kwenda kumzika.

Wa Mwanakwerekwe (mleta uzi)

Mngoni, hapo ndipo filamu inapoishia karibu. Mzee Kikuo anafariki, na Phillip anakwenda kumzika. Filamu ilianza naye kwenye msiba aliolipwa kukaa, akiwa hajui alie au asilie. Huku mwishoni hakuna aliyemlipa.

Na Mia, kwa wanaotaka kujua, anakuja kugundua kwamba Phillip ni mwigizaji, na anaumia kama nilivyoogopa. Anawauliza watu wazima kwa nini wanadanganya. Lakini baadaye wanakutana tena, na safari hiyo Phillip anajitambulisha kwa jina lake, na mtoto naye. Filamu inawaacha hapo wakiwa marafiki. Mimi bado sijui kama nimeridhika. Dada Mama Wawili, wewe kama mama, huyu mtu angekuja mlangoni kwako baada ya yote hayo, ungemfungulia?

Mama Wawili

Ningemfungulia, kwa masharti. Kwanza mimi na yeye tukae wawili, anieleze anataka nini kwa mtoto wangu na kwa muda gani, maana anayeonja malezi akachoka anaumiza zaidi ya asiyekuja kabisa. Pili aitwe anko Phillip, kwa jina lake, na mtoto aambiwe mbele yetu wote kwamba baba yake ni mwingine na hatujui alipo. Tatu, akisema atakuja Jumapili, aje Jumapili. Akishindwa apige simu aongee na Mia mwenyewe, asinitume mimi nikamtafutie sababu.

Na ada ya shule nalipa mwenyewe. Hela isiwepo tena kati yao.

Steji ya Chini

Dada, hayo masharti nimeyanakili. Yule mjomba wa Naivasha amenipigia jana, anasema kijana yuko kwake hizi likizo, na ameuliza kama naweza kumfundisha pikipiki. Nimesema aje na mjomba wake.